Siku Niliyoisoma Damu ya Baba Mkwe

Kama mende amewahi kula kazi yako, basi sogea karibu, maana wewe na mimi ni wa ukoo mmoja. Mimi walinilia slaidi kumi na moja, vile vioo vya kupimia damu. Nilikuwa na wiki tatu tu kazini, katika maabara ya hospitali ndogo ya misheni upande wa Nyamira, na nilikuwa nimeziacha mezani zikauke zenyewe. Asubuhi nikakuta vioo vinang'aa. Damu yote ilikuwa imelambwa, yamebaki majina niliyoyaandika pembeni kwa penseli. Wagonjwa kumi na mmoja wakaitwa tena wachomwe vidole, na mama mmoja mwenye maneno akaniuliza mbele ya foleni nzima kama damu yake ya jana nilikuwa nimeiuza.

Mkuu wa maabara alikuwa Bwana Ramadhani. Alizaliwa Kisii mjini, katika familia ya Waislamu wafanyabiashara, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu mimi niliyekipata shuleni kwa kiboko. Nilitegemea anifokee. Alitazama vile vioo akasema, "Moraa, mende hana kosa. Umemwandalia mezani, umemzimia taa, ulitaka afanye nini?" Siku ya pili alikuja na sanduku lililozibwa kwa wavu wa chekeche kuukuu, na tangu hapo slaidi zetu zililala humo.

Ninyi vijana mnaoingia maabara sasa mtaniuliza tulifanyaje kazi. Hadubini yetu haikuwa na taa, ilikuwa na kioo cha kukusanya mwanga wa dirishani. Na mnajua mvua ya kwetu: ikifika saa nane mchana mbingu zinafunga. Kwa hiyo kila kilichohitaji macho kilifanywa asubuhi, na mchana tulichuja rangi ya kupaka slaidi, tukaosha vioo, tukagombana. Kifaa cha kuhesabia kilipoharibika tulitumia punje. Ukiona kimelea cha malaria, unatupa punje ya mahindi kwenye kopo. Ukiona seli nyeupe ya damu, unatupa haragwe. Maharagwe yakifika mia mbili unaacha, unahesabu mahindi, ndipo unajua mgonjwa ana vimelea wengi kiasi gani. Lenzi tuliifuta kwa fulana kuukuu ya pamba aliyoinunua Bwana Ramadhani mwenyewe pale sokoni Daraja Mbili, baada ya kupapasa mitumba mpaka mwenye kibanda akadhani ana wazimu.

Baada ya mambo ya mende nikajifanya mjanja. Mwezi wa saba huku ni baridi na unyevu, tone nene la damu linaweza kukaa nusu siku bila kukauka. Nikawasha jiko la makaa, nikazipanga slaidi kando yake. Zilikauka haraka sana, nami nikajipongeza. Lakini damu ikipata moto inaiva, na ikiiva wekundu wake hautoki tena majini. Ukiweka chini ya hadubini unaona tofali. Bwana Ramadhani alizitazama zote moja baada ya nyingine, akazipanga vizuri, akaniambia, "Nilikuambia ukaushe, sikukuambia ukaange."

La tatu ndilo lililoniharibu zaidi, kwa sababu watu walicheka. Nilisahau kuchuja rangi. Rangi isipochujwa huacha chembe nyeusi nyeusi kwenye kioo, na mimi nikaziona chembe zile nikazihesabu kwa bidii, punje baada ya punje. Damu ilikuwa ya dereva wa hospitali, aliyekuja kupimwa tu kabla ya safari. Nikampa malaria ya kuwatosha watu watatu. Alilazwa kitandani akiwa mzima, analia njaa, mpaka Bwana Ramadhani alipoirudia slaidi. Kwa mwezi mzima yule dereva kila akinikuta alijishika kichwa akayumba. Mimi nina hasira za karibu, sijui kuvumilia mzaha. Nikaapa moyoni kwamba hakuna chembe nyeusi itakayonidanganya tena. Kutoka siku hiyo kila nilichokiona cheusi nilikiita uchafu wa rangi.

Shikeni hapo, kwa sababu hicho kiapo karibu kiniulie mtu.

Lakini kwanza niwaeleze kwa nini nimekumbuka haya. Kwamboka, binti wa kaka yangu, anasomea mambo ya seli chuo kikuu. Krismasi iliyopita alikuja na picha zake kwenye kompyuta, seli zimejaa vitone vya kijani. Akanieleza kwamba seli hula sehemu zake zenyewe zilizochakaa. Inazifunga ndani ya kifuko kidogo, kifuko kinapelekwa mahali pa kuyeyushia, na kinachopatikana kinatumika upya. Wenyewe wanaita otofaji. Yeye kazi yake ni kupima kasi ya ulaji huo, na kile kijani ni rangi inayovishika vile vifuko. Alikuwa amezinyima seli chakula, vitone vikaongezeka, akafurahi, akaandika kwamba seli zinajila kwa kasi. Mwalimu wake akamrudishia kazi yote.

"Shangazi, nimehesabu vizuri kabisa," akasema. "Vitone vimekuwa vingi. Anataka nini tena?"

Nikamuuliza, ukipita kituo cha kununulia chai pale Ikonge ukute magunia ya majani yamerundikana mpaka nje, utasema nini? Akasema wachumaji wamechuma sana. Nikamwambia, au lori halijaja.

Akacheka kidogo. Mwalimu wake alikuwa amemwambia hilo hilo kwa maneno marefu. Vifuko vikiwa vingi, huenda seli inavifunga vingi, na huenda imeshindwa kuviyeyusha. Kuna dawa ya kuzuia kuyeyushwa. Unaitia kwenye kundi moja la seli, kundi jingine unaliacha, halafu unahesabu yote mawili. Tofauti kati yao ndiyo inayokuonyesha kasi. Ni sawa na kulizuia lori makusudi kwa saa moja uone magunia yanapanda kiasi gani. Akaniuliza nani alinifundisha hayo na mimi hata dawa hiyo siijui. Nikamwambia nilifundishwa kwa damu ya baba wa mume wangu, na sikufundishwa kwa upole.

Sisi Wakisii tuna heshima tunayoiita chinsoni. Mke wa mtoto na baba wa mume hawashikani mikono. Baba huyo haingii nyumbani mwa mke wa mwanawe, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja anapisha. Baba mkwe wangu, tatabiara kwa lugha yetu, alikuwa mtu wa kushika mambo hayo sawasawa. Miaka minne ya ndoa na sijui kama aliwahi kuniita. Akitaka kusema na mimi alimwambia mke wake nikiwa nasikia.

Basi mwezi wa saba wa mwaka wangu wa pili kazini, homa ikiwa imeshika milima yote na wagonjwa wamelala wawili wawili kitandani, akaletwa kwa pikapu kutoka Ikonge. Alikuwa hajitambui. Aliita ng'ombe kwa majina, ng'ombe waliokufa zamani. Mimi nilipoisikia sauti yake nilijificha nyuma ya kabati la maabara. Mume wangu alikuwa kazini Nakuru, hakukuwa na wa kunikinga. Bwana Ramadhani ndiye aliyemchoma kidole, akatengeneza slaidi, akaipaka rangi. Kisha akaitwa wodini kupima damu ya kuongezewa mama aliyejifungua.

"Utaisoma hii?" akaniuliza mlangoni.

Nikasema ndiyo. Sikutaka kueleza.

Nawaambia ukweli ambao nilikaa nao miaka mingi. Kuitazama damu ya yule mzee niliona kama nimefungua mlango wa chumba chake bila kubisha hodi. Nilisikia aibu, aibu kabisa. Kanuni yetu ilikuwa kutazama viwanja mia mbili vya tone nene, yaani sehemu mia mbili moja baada ya nyingine chini ya hadubini, kabla hujasema hamna kitu. Mimi nilitazama hamsini. Vimelea sikuona. Niliona punje nyeusi kidogo ndani ya seli nyeupe, hapa moja, pale nyingine, nikasema moyoni, uchafu wa rangi, sidanganywi tena. Nikaandika "Hakuna vimelea", nikatia sahihi yangu, nikaipeleka karatasi kwa mkono ulionyooka ili niachane nayo.

Saa moja baadaye ilikuwa mikononi mwa Nyangau, kaka mkubwa wa mume wangu. Nilimsikia kwenye korido akisema na daktari wetu, ambaye hakuwa wa kabila letu, kwa Kiswahili cha nguvu.

"Sasa kama damu haina kitu, tunangoja nini hapa? Daktari, hii si ugonjwa ya hospitali. Kuna mzee huko Nyakoe anajua hizi vitu. Tutampeleka."

Daktari akajaribu kusema habari za homa ya matumbo, za kupeleka maji ya uti wa mgongo Kisii mjini. Nyangau akagonga ile karatasi kwa kidole. Yeye alikuwa na maandishi, daktari alikuwa na mashaka. Wakaanza kumfunga mzee blanketi.

Bwana Ramadhani alikuwa na desturi yake. Kila siku kabla ya mwanga kwisha alizirudia slaidi zote zilizosomwa hazina kitu, za wagonjwa wasioweza kutaja majina yao. Hakumwambia mtu kwa nini. Aliweka ile ya baba mkwe, akainama muda mrefu, kisha akaniita.

"Umeandika hakuna kitu?"

"Hakuna kitu, mwalimu."

"Na hii nyeusi ndani ya seli nyeupe?"

"Uchafu wa rangi."

"Uchafu hauchagui pa kuangukia, binti yangu. Unaanguka juu ya seli, kando ya seli, kwenye kioo kitupu. Huu uko ndani ya seli nyeupe tu. Hebu nionyeshe mmoja ulio nje."

Nikakaa, nikazungusha, nikatafuta. Nje hapakuwa na hata mmoja. Nikajua kabla hajasema.

"Kimelea kinakula damu, na kinaacha masizi yake," akasema. "Seli nyeupe inapita inameza yale masizi. Ukikuta mifupa kwenye sahani, usiniambie nyumba hii haikula nyama. Vimelea wenyewe wamejificha ndani huko, kwenye mishipa ya ubongo, au wamepunguzwa na dawa. Huyu mzee amemeza vidonge. Nenda ukaulize."

"Siwezi, mwalimu. Ni tatabiara."

Akanitazama. Alizaliwa Kisii, hakuhitaji kuelezwa. "Viwanja vingapi ulisoma?"

"Hamsini."

Hakupandisha sauti, na heri angepandisha. Nikamwomba aende yeye. Akasema, "Mimi sikuiandika, Moraa. Karatasi ni yako, kaichukue."

Nilitoka nje. Mzee alikuwa tayari amelazwa kwenye godoro nyuma ya pikapu, wanaume watano wa ukoo wakiwa wamezunguka, na mama mkwe ameketi karibu na kichwa chake. Mke wa mtoto hasimami mbele ya wanaume wa boma akasema wamekosea, sembuse mzee mwenyewe akiwa amelala pale. Nikaipa pikapu mgongo ili nisimtazame, nikasema kwa lugha yetu, nikiwa nimeuelekea ukuta wa jikoni: ile karatasi ina makosa. Nimeiandika mimi, na sikuisoma damu yote. Nirudishieni.

"Si wewe ndiye ulisema hana kitu?" Nyangau akauliza.

"Ni mimi."

"Sasa tuamini ya kwanza au ya pili?"

Swali lake lilikuwa la haki, na mpaka leo simlaumu. Nikamwambia, "Usiniamini mimi. Muulize mama kama baba alimeza dawa ya dukani."

Wote wakamgeukia mama mkwe. Alifungua fundo la leso yake. Ndani kulikuwa na vidonge vinne vya malaria vilivyobaki. Alisema mzee alivimeza siku mbili, akaona nafuu asubuhi moja, kisha akaanguka. Hakusema hospitalini kwa sababu masista huwagombeza watu wanaoanzia dukani. Nilitaka kulia, maana ningaliweza kumuuliza yeye tangu mwanzo, na kumuuliza yeye hakuna mila iliyonikataza. Chinsoni ilinifunga mikono, lakini mdomo niliufunga mwenyewe.

Mvua ikaanza kumwagika. Nyangau akatazama mbingu, akatazama godoro, akasema mrudisheni ndani kwanza. Mpaka leo sijui kama waliyasikia maneno yangu au waliikimbia mvua. Vyovyote ilivyokuwa, naishukuru mvua pia.

Daktari alimtundikia dripu ya kwinini saa ile ile. Kabla giza halijaingia Bwana Ramadhani akamchoma tena, akaniletea slaidi pamoja na kopo tupu, na akavuta taa ya karabai karibu na kioo. Safari hii vimelea walikuwepo, wachanga wenye umbo la pete, wametapakaa, mahindi yakawa yanagonga kopo bila kupumzika. Damu ile ile ya mtu yule yule, na zilikuwa zimepita saa chache tu. Waliokuwa wamejificha walikuwa wamepasuka na kuzaa. "Umeona?" akasema Bwana Ramadhani. "Slaidi moja inakuambia kilichoko sasa hivi. Haikuambii kinatoka wapi wala kinaelekea wapi. Mgonjwa akikutia shaka, rudi baada ya saa chache utazame tena."

Siku ya tatu baba mkwe aliomba chai. Aliletewa, akaionja, akasema kwa mke wake kwamba hospitali inayozungukwa na mashamba ya chai inawezaje kutoa chai nyepesi hivi. Nilisikia nikiwa nje ya dirisha la wodi. Nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia mpaka nikatosheka.

Bwana Ramadhani sasa ni marehemu. Hakumwambia mtu yeyote habari za viwanja hamsini, wala hakunikumbusha hata siku moja tulipogombana, na tuligombana sana. Nimefanya kazi hii mpaka kustaafu, na kila mgonjwa aliyepona mkononi mwangu, nusu ya kazi ilikuwa yake. Namshukuru kwa sanduku la wavu na kwa mzaha wake. Zaidi namshukuru kwa kukataa kwenda kwenye ile pikapu badala yangu.

Mwaka uliofuata ule wa pikapu, baada ya mvua ndefu, nilikuwa maabara asubuhi nimeinamia hadubini. Pale tunapopokelea damu palikuwa na kidirisha kidogo ukutani. Nikasikia sauti ya mama mkwe upande wa pili, ananiita taratibu kwa jina la binti yangu.

"Mama Nyaboke, baba yenu ana homa tangu jana. Hajameza kidonge chochote. Anasema anataka wewe ndiye umchome."

Nikasema, "Mama, siwezi. Ngoja nimwite Bwana Ramadhani."

Nikasikia minong'ono, kisha mama mkwe akasema tena, "Anasema leo huu mkono ni wa mgonjwa. Yule mzee wa chinsoni amemwacha nyumbani."

Ndipo mkono ukapita kidirishani, wenye mishipa na doa jeusi la chai kwenye vidole, kiganja juu. Uso wake sikuuona, alikuwa ameugeuzia barabarani. Nilikishika kile kidole kwa pamba, nikachoma. Hakutikisika. Mkono ukarudi, nikasikia hatua zao zikienda kuketi kwenye benchi.

Nikaisoma ile slaidi viwanja mia mbili. Nikaisoma mara ya pili. Kisha nikafuta jina lililokuwa pembeni, nikaandika namba tu, nikampa Bwana Ramadhani aisome kama ya mtu yeyote, na sikumwambia ni ya nani.